Mishororo Arobaini, Herufi Themanini

Binti wa dada yangu alifika kisiwani Songo Songo mwezi wa Agosti, kusi likiwa bado linavuma, akiwa na mkoba mmoja wa nguo na kompyuta mpakato aliyoiviringisha ndani ya mfuko wa nailoni isije ikalowa njiani kutoka Somanga. Anasoma jiofizikia chuo kikuu, mwaka wa mwisho. Alipokwisha kunipa shikamoo na kuniuliza hali ya goti langu, alitandika mkeka barazani, akaifungua kompyuta, akasema, "Mjomba, wewe si msomaji wa maandishi ya kale? Hebu nisomee na haya."

Juu ya kioo palikuwa na herufi zilizofuatana bila kupumua tangu ukingo hadi ukingo. Mwanzo wake ulikuwa hivi: Ã@ñ@ÃÓÉÅÕã@@@@. Baada ya hapo alama ya @ ilijirudia mara nyingi hata macho yakachoka, zikaja herufi nyingine zenye vilemba, kisha @ tena.

Wasomaji wa ukurasa huu mnanijua kwa mambo ya vina na mizani. Nilitoka chuo cha ualimu na stashahada yangu, nikafundisha Kiswahili na Jiografia katika shule za sekondari kwa miaka 36, na kompyuta naijua kwa kuandikia tu. Lakini siku tatu nilizokaa na binti yule mkekani zimenigusa mahali ambapo nilidhani pameshapona, nami naziandika hapa kwa sababu zinamhusu kila aliyewahi kunakili shairi la mtu mwingine.

Kwanza niseme faili lile lilikuwa nini. Watafutao gesi na mafuta baharini huvuta nyuma ya meli mitambo inayopiga hewa kwa kishindo ndani ya maji. Mshindo huteremka hadi sakafu ya bahari, ukapenya miamba, na kila unapokuta tabaka lililo tofauti na lile la juu yake, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Vipokezi vilivyofungwa kwenye kamba ndefu huusikiliza mwangwi huo na kuuandika kwa namba, namba moja baada ya kila sehemu chache za elfu za sekunde. Mfululizo wa namba hizo za mahali pamoja binti aliuita uzi, nami nitamfuata. Nyuzi mia kadhaa zikipangwa bega kwa bega huwa picha ya ardhi iliyokatwa kama mkate.

Sisi wa Songo Songo hatuwezi kuyaita mambo haya ya kigeni. Mwaka 1974, kampuni ya Kiitaliano ya AGIP ilipogundua gesi hapa kwetu, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na wazee walibishana barazani kama gesi ni moshi au ni upepo. Ilikaa chini ya miamba yake miaka 30 zaidi. Mwaka 2004 ndipo ilipoanza kusafiri kwa bomba, zaidi ya kilomita 200, kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme. Hata hivyo faili la binti halikuwa la kwetu. Data za chini ya kisiwa chetu si za kuchezewa na mwanafunzi likizoni. Lile lilikuwa faili la mazoezi alilopewa na mhadhiri wake, la bahari ya mbali, la miaka ya zamani.

Chuoni wanazo programu za kulifungua faili la namna hiyo kwa kubonyeza mara moja. Kwenye kompyuta yake hakuwa nazo, na mtandao wa siku zile haukuweza kuzileta. Alichokuwa nacho ni faili lenyewe na hati ya muundo wake. Muundo huo huitwa SEG-Y. Ulitangazwa mwaka 1975 na chama cha wanajiofizikia chenye makao yake Tulsa, Marekani, mwaka mmoja tu baada ya gesi yetu kuonekana, na hadi leo dunia nzima inautumia. Hati inaeleza kila baiti ya faili imekaa wapi na ina kazi gani. Akiwa na hati hiyo, binti aliandika programu yake mwenyewe kwa lugha ya Python, akapata picha. Picha ilikuwa nzuri. Baiti 3200 za mwanzo alikuwa ameziruka, maana aliona ni maandishi ya utangulizi yaliyoharibika, na ndiyo yale aliyonionyesha kwa utani.

Nilimwambia, "Haya hayajaharibika, mama. Yamevaa nguo za watu wengine."

Nilijuaje? Mtu aliyezoea kusoma daftari lililoliwa na mchwa huanza kutazama mapengo kabla ya herufi. Alama ya @ ilikuwa nyingi mno kuwa herufi. Ilikaa kati ya vifungu kama nafasi inavyokaa kati ya maneno. Kisha niliona kwamba ile Ã, A kubwa yenye kiwimbi kichwani, inarudi. Mara ya kwanza ilifuatwa na @ñ. Mbele kidogo ikarudi na @ò, halafu @ó, halafu @ô, halafu @õ. Nikamwomba akate mstari kila Ã ya namna hiyo inapofika. Akakata. Mistari yote ikatoka sawasawa kama iliyopimwa kwa kamba, na nilipohesabu kwa ncha ya kijiti nikapata herufi 80 katika mstari wa kwanza, 80 katika wa pili, 80 katika wa tatu. Mistari yote ilikuwa 40. Arobaini mara themanini ni 3200.

Binti akanyamaza, kisha akafungua ule ukurasa wa hati aliokuwa ameupita mbio. Yote yalikuwa yameandikwa pale. Sehemu ya kwanza ya faili ni mistari 40 ya herufi 80, kwa kuwa zamani kila mstari ulikuwa kadi moja ya karatasi ngumu iliyotobolewa matundu, na kadi moja ilikuwa na safu 80. Kila mstari huanza kwa herufi C, kisha namba ya mstari. Na herufi zake hazikuandikwa kwa utaratibu ambao kompyuta nyingi zinautumia leo. Ziliandikwa kwa utaratibu wa EBCDIC, ambao kampuni ya IBM iliutumia katika mashine zake kubwa zilizotangazwa mwaka 1964. Katika utaratibu huo namba 64 ni nafasi tupu. Katika utaratibu wa leo, 64 hiyo hiyo ni @. Namba 195 kule ni C. Huku ni Ã. Namba 241 kule ni tarakimu 1. Huku ni ñ. Nikakumbuka madrasa, siku niliyogundua kwamba alama ya V juu ya saa ya maalimu ni 5, na kwamba ndani ya msahafu wake alama kama hiyo hiyo ni 7.

Aliandika mistari michache ya programu, na mishororo 40 ikavua vilemba vyake. Jina la mteja, jina la meli, mwaka, urefu wa kamba ya vipokezi, vyote vikasomeka. Mshororo wa 40 ulisema tu kwamba maandishi yamekwisha.

Kwa mimi hapo kazi ingetosha. Lakini yeye alishikwa na ari ya kusoma faili lote upya tangu baiti ya kwanza, na mimi nikashikwa na utamu wa hati ile. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 alifanya kazi ya namna hiyo hiyo: alisema shairi lina nini na kila kitu chake kikae wapi. Kuna waliomtii na kuna waliomwasi, na ugomvi ule mnaujua. Ila hati ya SEG-Y ni kali kuliko Sheikh. Baada ya mishororo 40 lazima zije baiti 400 za namba. Katika hizo, baiti ya 17 na 18 hutaja umbali wa muda kati ya kipimo na kipimo, ya 21 na 22 hutaja idadi ya vipimo katika uzi mmoja, na ya 25 na 26 hutaja namna namba za mwangwi zilivyoandikwa. Kisha zinafuata nyuzi, kila uzi ukitanguliwa na baiti 240 zinazoutambulisha.

Tulipofika baiti ya 17 na 18 tulikuta 15 na 160. Baiti moja haiwezi kubeba namba kubwa kuliko 255, kwa hiyo mbili hushirikiana: moja huhesabu mafungu ya 256 na nyingine huhesabu yaliyobaki. Lakini ipi ni ipi? Ikitangulia kubwa, ni 15 mara 256, kuongeza 160, nayo ni 4000. Ikitangulia ndogo, ni 40,975. Hati husema kubwa hutangulia, wakati kompyuta ya binti, kama nyingi za siku hizi, hutanguliza ndogo. Nilicheka peke yangu. Mwarabu husema tano na ishirini, sisi twasema ishirini na tano. Tulilichukua neno lake ishirini tukakataa mpangilio wake. Kumbe hata mashine zina makabila. Jibu ni 4000, yaani sehemu 4000 za milioni ya sekunde kati ya kipimo na kipimo. Vipimo vilikuwa 1501 kwa kila uzi, ikiwa ni sekunde sita za kusikiliza.

Hapo binti akanionyesha jambo ambalo kila mshairi angelipenda. Kila kipimo kina baiti nne. Vipimo 1501 ni baiti 6004. Ongeza 240 za utambulisho, uzi mzima ni baiti 6244. Faili lote lilikuwa na baiti 3,000,720. Ondoa 3600 za mwanzo, gawanya kwa 6244, unapata nyuzi 480 kamili, hakuna baiti iliyobaki mkononi. Kama kipimo kingekuwa na baiti mbili, hesabu isingegawanyika. Hii ni mizani! Ndivyo tunavyomkamata mnakili aliyeangusha silabi: ukwapi una nane, utao una saba, basi kuna neno limetoka. Na kina nacho ni mlinzi. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa Kisiwani zilikuwa na jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtaja Mwenyezi Mungu upande wa pili, na pande mbili hizo zilishikana kwa kina. Hata herufi zikisagika, sikio linaweza kumsaidia jicho.

"Umeona, Mjomba?" akasema. "Imetimia. Kwa hiyo picha yangu ilikuwa sahihi."

Nikamuuliza baiti ya 25 na 26 zinasema nini. Akasema, "Sifuri na moja. Moja ni namba za desimali za baiti nne, za mtindo wa IBM. Mimi nilisoma kwa mtindo wa IEEE, ule wa namba 5, kwa sababu ndio unaotumika kwenye kompyuta zote sasa. Zote mbili ni baiti nne tu. Na picha imetoka."

Zote mbili ni baiti nne tu. Hapo ndipo niliponyanyuka mkekani, nikaingia ndani kulitafuta daftari la baba.

Baba yangu alikuwa nahodha wa mashua, mtu wa maneno machache mchana na mashairi usiku. Shule ya serikali hakuiona. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuoni kwa maalimu, katika daftari la jalada gumu. Alifariki mwaka 1986, mimi nikiwa bara nafundisha, na daftari likaja kwangu kwa kuwa ndiye niliyeitwa msomi. Mwaka 1988, usiku kwa usiku, nililihamisha lote kwenye herufi za Kirumi. Wenye kuzijua herufi zile mnajua mitego yake. Walioziandika kama baba hawakutofautisha e na i, wala o na u. Kasra moja hubeba mbili za kwanza na dhuma moja hubeba mbili za mwisho. Fe yaweza kuwa f au v. Be yaweza kuwa b, p, au mb. Msomaji huchagua.

Katika ukurasa wa mwisho kulikuwa na mshororo huu, nao nikausoma hivi:

Nawachia wana dini, ya tanga pia ya kamba.

Ukwapi mizani nane, utao mizani nane. Niliupenda kupita kiasi. Nikasema, tazama nahodha huyu: dini ya tanga na kamba, imani ya msafiri anayetegemea upepo asioumiliki! Kwa miaka niliufundisha kidato cha tatu kama mfano wa sitiari. Niliwaandikia ubaoni. Wapo wengine kati yenu, wanafunzi wangu wa zamani, mnaoukumbuka.

Nilipostaafu mwaka 2020 nikarudi kisiwani, na jioni moja nikawasomea jamaa shairi lile. Dada yangu mdogo, mama wa binti huyu, aliyeishia darasa la saba na aliyekuwa akimpikia baba uji hadi siku zake za mwisho, aliweka sahani chini. Akasema, "Kaka, Baba hakusema dini. Baba alisema deni."

Nikalileta daftari chini ya taa. Dali, ye, nuni. Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, na kwao nako huandikwa kwa herufi hizo hizo tatu. Silabi mbili kwa mbili, kina kile kile. Lakini hilo si lililoniumiza. Lililoniumiza ni kwamba baba hakuandika "ya tanga pia ya kamba". Aliandika "la tanga pia la kamba", kwa lamu mbili ndefu zilizosimama wima kama milingoti, ambazo mtoto wa alifu-be-te angeziona. Mwaka 1988 nami niliziona. Nikasema moyoni: mzee amekosea upatanisho wa ngeli, dini haichukui la. Nikamsahihisha marehemu. Ushahidi wote uliokuwa umebaki duniani kwamba neno ni deni, mimi mwalimu wa sarufi niliufuta kwa wino mwekundu.

Nawachia wana deni, la tanga pia la kamba. Ulikuwa wasia.

Tulikofunzwa sisi, deni la marehemu hutangulia urithi. Mashua ilikuwa imekwisha kuuzwa na fedha zake kugawanywa tangu 1986, na fungu langu nililinunulia baiskeli. Dada alikumbuka kwamba tanga na kamba vilitoka Kilwa Kivinje, kwa mfanyabiashara mmoja ambaye naye alikwisha kufa. Nilikwenda Kivinje, nikauliza nyumba kwa nyumba hadi nikampata binti yake, naye sasa ni bibi wa makamo yangu. Shilingi za miaka ile hazina tena maana, hivyo nililipa bei ya leo ya tanga zima na ya kamba yake. Alizipokea, akazihesabu mbele yangu kama inavyopasa. Akaniambia kwamba mama yake, kila mashua ya Songo Songo ilipotia nanga, alikuwa akiuliza kama kuna mtu ameagizwa kwake. "Amefariki mwaka juzi," akasema. "Mngekuja yupo."

Binti aliijua hadithi hiyo nusunusu, kama watoto wanavyojua mambo ya aibu za wakubwa. Nilimfungulia ukurasa ule, nikamwonyesha lamu mbili na wino wangu mwekundu juu yake. Hakusema neno. Alirudi kwenye kompyuta, akaandika namba chache kwa mkono ili ajaribu.

Mitindo yote miwili hugawa baiti nne katika alama ya chanya au hasi, kipeo, na sehemu ya desimali. Tofauti ni kwamba IBM hupanda kwa vipeo vya 16, na IEEE, iliyowekwa kuwa kanuni mwaka 1985, hupanda kwa vipeo vya 2. Hati ya 1975 haikuujua huo wa pili. Uliingizwa katika toleo la 2002. Binti alichukua moja ya IBM, ambayo baiti zake ni 65, 16, 0, 0, akaisoma kwa mtindo wa IEEE. Ikatoka 9. Mbili, yaani 65, 32, 0, 0, ikatoka 10. Nne ikatoka 12. Nane ikatoka 16.

Tazameni namba hizo polepole kama tulivyozitazama sisi. Sifuri hubaki sifuri. Chanya hubaki chanya, hasi hubaki hasi. Kubwa hubaki kubwa kuliko ndogo. Hakuna aliyeruka foleni. Ndiyo maana picha yake ilitoka nzuri, tabaka kwa tabaka, kila mwangwi mahali pake. Kilichopotea ni kiasi. Mwangwi ulio na nguvu mara nane ya mwenzake ulionekana haujafika hata mara mbili. Kama usomaji ule ungetoa upuuzi, picha ingejaa vumbi na yeye angelijua kosa siku ile ile. Ulitoa maana. Dini ya tanga na kamba ilitoa maana, tena nzuri.

Nilimuuliza kama kiasi kina kazi gani ikiwa tabaka zote zimekaa mahali pake. Akaniambia kwamba mchanga uliojaa gesi katikati ya mawe yake hupunguza mwendo wa mshindo, na mara nyingi hurudisha mwangwi mkali kuliko majirani zake. Si kila mwangwi mkali ni gesi, lakini ndiyo sehemu ya kwanza mtu anapotazama. Kisha akaniambia jambo aliloficha tangu afike: sura ya kwanza ya utafiti wake alikuwa ameshaituma kwa msimamizi, na ndani yake aliandika kwamba miangwi ya tabaka zote ina nguvu zinazokaribiana, hakuna pa kutiliwa shaka.

Alisoma faili upya kwa mtindo wa 1. Nyuzi 480, vipimo 1501 kwa kila uzi, mizani ile ile. Picha ikajichora kutoka kushoto. Katikati hapakuwa na jipya. Upande wa kulia, chini kidogo ya sekunde ya pili, bapa moja fupi ambalo jana lilikuwa na rangi kama nyingine likatoka jeusi tii, limelala kama nyangumi.

Dada alikuja na sahani ya pweza, akatukuta wote wawili tumeinamia kioo bila kuongea. "Kaka," akasema, "umemwambukiza mwanangu ugonjwa wako?"

Kesho yake alfajiri binti alitembea hadi upande wa kisiwa ambako simu hushika vizuri, akamwandikia msimamizi wake kwamba sura ile aiweke kando, na akaeleza sababu bila kujipamba. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, nikasingizia upepo ili asihitaji kunieleza. Jibu lilikuja siku ya pili: arekebishe, na kosa lenyewe alieleze ndani ya sura, kwenye kifungu cha mbinu. Aliondoka Jumatatu, kompyuta ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Mimi nimechukua karatasi safi, nimeibandika mbele ya ukurasa wa kwanza wa daftari la baba, nami naiandika hati ya muundo wake. Mwandishi hatofautishi e na i. Hatofautishi o na u. Mb huiandika kwa be tupu, nd kwa dali tupu. Ngeli zake hazina makosa. Msomaji akiona kosa la ngeli, arudi kulisoma upya jina lililotangulia. Wino mwekundu si wake.

Nimeanza kupitia mashairi yote upya na sasa nipo ukurasa wa 12, ambapo kuna kitendo chenye fe katikati. Yaweza kuwa "nimefua", yaweza kuwa "nimevua", na mizani haisemi kitu. Mwaka 1988 niliandika "nimevua", kwa kuwa mwandishi ni mtu wa bahari. Dada anakuja Ijumaa baada ya sala. Nitamsomea yote mawili, halafu ninyamaze.